Malisho hayajitunzi yenyewe

Anayesafiri wakati wa kiangazi kutoka Mpanda kuelekea Kapalamsenga na Karema hukutana na moshi wa nyika zinazoungua. Wazo la kwanza ni kwamba kuna mharibifu aliyeshika kiberiti. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, historia ya nchi yetu inatutaka tuulize kwanza: moto huu ni wa nani, na umewashwa kwa nini?

Mwaka 1974 Katavi ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa. Mwaka huo huo, mbali kaskazini, Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Kreta ya Ngorongoro waliondolewa. Nia ilikuwa kuwalinda wanyamapori katika bonde hilo la kilomita za mraba 250 hivi, ingawa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipoanzishwa mwaka 1959 lilikusudiwa watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja.

Maboma yalipoondoka, moto nao uliondoka. Wafugaji wale walikuwa wakichoma nyasi kuukuu kwa zamu, sehemu kwa sehemu, ili majani mabichi yachipue na kupe wapungue. Ng'ombe walinufaika, na nyumbu na swala pia. Uchomaji ulipokoma, nyasi zilirefuka na kukomaa. Nyati, asiyeogopa nyasi ndefu, aliongezeka. Nyumbu na swala wakapungua.

Kisha yakaja magugu. Mawili yaliyosumbua zaidi, ambayo wataalamu huyaita Gutenbergia na Bidens, si wageni, ni mimea ya huku huku Afrika Mashariki. Moja lina maua ya zambarau, jingine ya manjano. Mtalii huyapiga picha kwa furaha, lakini mnyama mwenye njaa hupita kando, kwa kuwa panapoota magugu hayo malisho hutoweka.

Ukame wa mwaka 2000 ulileta hesabu chungu. Hadi kufikia mwaka 2001 nyati na nyumbu wengi walikuwa wamekufa, simba wakashambuliwa na nzi wang'atao, na hata faru, walio wachache mno, wakapotea kwa ugonjwa wa kupe. Wataalamu hutaja sababu nyingi, mvua na maji zikiwamo. Lakini mwaka huo wa 2001 wahifadhi wenyewe walirudia kuchoma nyasi kwa mpango. Kufyeka na kung'oa magugu navyo vikawa sehemu ya kazi.

Hatusemi kila mtu awashe moto. Moto usio na mpango huua msitu, na hautibu kila gugu. Gugu karoti, mgeni kutoka Amerika aliyeonekana Arusha mwaka 2010, husafiri na matairi ya magari na hutakiwa kung'olewa kabla halijatoa maua, tena kwa mikono iliyovaa glovu.

Tunachosema ni hiki. Malisho tuliyoyakuta yalikuwa na watunzaji wake, nasi tuliyadhania kuwa kazi ya Mungu peke yake. Leo mipango ya matumizi ya ardhi inapopangwa vijijini mkoani Katavi, wazee wanaojua nyika ipi huchomwa, mwezi gani na kwa nini, bado wapo. Waitwe kwenye kikao kabla mpango haujapigwa muhuri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.