Serikali, Taifa na Umma: Majina Matatu ya Redio Moja



Mtanzania akiulizwa Shirika la Utangazaji Tanzania ni la nani, huweza kujibu kwa namna tatu: ni la serikali, ni la taifa, au ni la umma. Katika mazungumzo ya kila siku majibu hayo huchukuliwa kuwa sawa. Dai la mhadhara huu ni kwamba hayako sawa, na kwamba historia ya utangazaji wetu ni historia ya maneno hayo matatu kugombea chombo kimoja.

Tuanze na asili. Serikali ni neno lenye asili ya Kiajemi, sarkar, lililounganisha sar, yaani ‘kichwa’, na kar, yaani ‘kazi’. Humtaja anayesimamia. Taifa na umma ni maneno ya asili ya Kiarabu. La kwanza lilimaanisha kundi la watu. Kwa Kiswahili likapanuka hadi kuwataja wananchi wote wa nchi moja. La pili lilitaja jamii, hasa ya waumini; katika siasa za miaka ya 1960 likawa jina la watu wa kawaida. Ndiyo maana chama alichokianzisha Abdulrahman Mohamed Babu kule Zanzibar mwaka 1963 kiliitwa Umma Party.

Redio yenyewe ilianza mwaka 1951, chini ya utawala wa kikoloni, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, lililojulikana kwa herufi TBC. Mwaka 1965 shirika hilo lilivunjwa, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikawekwa moja kwa moja chini ya wizara. Mwaka huohuo Katiba ya Muda iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Kenya nayo ilipita njia kama hiyo: shirika la mwaka 1961 liligeuzwa mwaka 1964 kuwa Sauti ya Kenya, chini ya wizara, na halikurudi kuwa shirika hadi mwaka 1989.

Haitakuwa haki kusema kwamba redio iliyomilikiwa na serikali haikuwahudumia watu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Aidha, kwa msikilizaji aliyezaliwa mbali na pwani, Kiswahili sanifu kilikuwa kwanza sauti ya msomaji wa habari kabla hakijawa kanuni katika kitabu cha sarufi. Taifa lilijisikia likisema.

Lakini katika kipindi hichohicho neno umma lilibadilika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tulizoea kusema mashirika ya umma, mali ya umma, watumishi wa umma. Katika matumizi hayo, umma si watu tena, ni dola. Mtumishi wa umma ndiye yuleyule mtumishi wa serikali. Hivyo lugha ilipoteza tofauti ambayo siasa ingekuja kuihitaji.

Haja hiyo ilidhihirika mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Tangu hapo wananchi wanaolipa kodi zileile wamekuwa na vyama tofauti, na wote wana haki ya kusikika katika chombo kilekile. Mwaka 2002 iliundwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania. Mwaka 2007 likaanzishwa Shirika la Utangazaji Tanzania, na herufi TBC zilizoondoka mwaka 1965 zikarudi. Idhaa yake kuu ya redio huitwa TBC Taifa.

Herufi zimerudi, je, maana nayo imerudi? Sheria yaweza kubadili jina kwa siku moja, ilhali maana hujengwa na matumizi ya kila siku. Ninapendekeza kipimo rahisi. Mwananchi asiyekubaliana na serikali akiweza kueleza hoja yake katika chombo hicho, kwa muda na heshima ileile apewayo waziri, hapo tutakuwa na haki ya kukiita cha umma. Asipoweza, tukiite cha serikali, kwani hilo nalo ni jina halali. Kazi ya mwanaleksikografia si kuamua nani atawale redio, bali ni kuhakikisha kwamba maneno mawili yenye maana mbili hayaingizwi katika kidahizo kimoja. Watu wasio na neno la kutaja haki yao hupata shida kuidai.