Zayd alibadilishwa jina, hakufukuzwa nyumbani

Hapa Tanga kulea mtoto usiyemzaa si jambo geni. Ugomvi huja mlezi akishafariki.

Zayd alitekwa mdogo, akauzwa, akafika nyumbani kwa Bi Khadija (r.a.). Mtume (s.a.w.) akamwacha huru, watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Iliposhuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, akarudi kuitwa bin Haritha. Jina tu, jamani! Mapenzi yalibaki palepale. Mwaka wa 8 Hijria alikufa shahidi Mu'ta, akiwa amiri wa jeshi.

Sasa wewe mama mlezi: mtoto harithi kwa kulelewa tu. Muusie, usivuke theluthi, au mpe hiba ungali hai na umkabidhi mbele ya mashahidi. Shamba la minazi alilolipalilia miaka 20, asije akaambiwa matangani kuwa si lake.