Bodi Mama ya Mwaka 1998

Leo nataka kuzungumzia kitu ambacho wengi wetu tulikitupa bila hata ya kukiaga: bodi mama ya kompyuta ya zamani. Nakusudia lile bapa kubwa ndani ya sanduku ambalo vitu vyote vingine huchomekwa juu yake, kuanzia prosesa na kumbukumbu hadi waya za diski. Mtu anayetaka kuunda kompyuta ya zamani siku hizi huanza kwa kuulizia prosesa. Mimi nasema aanze na bodi, kwa sababu bodi ndiyo inayoamua mashine yake itakuwa ya mwaka gani na itaweza kuzungumza na vyombo gani.

Sikuingia katika shughuli hii kwa mchezo. Mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza, Mungu amrehemu, alikuwa akiandika tenzi ambazo mama yake, mwenyeji wa Pemba, alizihifadhi moyoni. Alizipiga chapa kwa programu ya WordPerfect mwanzoni mwa miaka ya 1990, na akawa akizihamishia katika kanda za akiba. Kompyuta yenyewe ilikwisha kwenda kwa wauza vyuma. Kilichobaki ni kanda 3 za aina ya QIC-80, nene kuliko kaseti ya muziki, pamoja na chombo cha kuzisomea. Nakala ya karatasi hakuna, na bibi mwenyewe alitangulia zamani.

Najua vijana wataniambia kwamba siku hizi kuna vijibodi vya USB vinavyosoma disketi za zamani. Ni kweli, na mwenye disketi tupu namshauri anunue hicho akalale. Lakini chombo cha QIC-80 kina tabia yake. Kinaungwa kwenye waya wa disketi, na hupokea amri kwa namna ya ajabu: ule waya ambao kwa disketi kazi yake ni kusogeza kichwa hatua moja moja, kwa kanda ndio wa kutuma amri. Programu inapiga mapigo kadhaa, chombo kinayahesabu, na idadi yao ndiyo amri yenyewe. Ni kama mtu anayegonga mlango kwa siri. Kwa hiyo nilihitaji bodi yenye kidhibiti halisi cha disketi, na kufika miaka ya 2010 bodi nyingi mpya zilikuwa zimekwisha kukiacha.

Hapo ndipo inabidi turudi nyuma. IBM ilipotoa kompyuta yake tarehe 12 Agosti 1981, bodi ilikuwa na sloti 5 za kuchomeka kadi, na karibu kila kazi ilitaka kadi yake: kadi ya picha, kadi ya disketi, kadi ya printa. IBM ilichapisha michoro ya saketi zake kwenye kitabu cha ufundi, na wengine wakatengeneza mashine zinazofanana nayo. Mwaka 1984 ikaja AT, sloti zikarefushwa kutoka biti 8 hadi 16, na mpangilio huo ndio uliokuja kuitwa ISA. Mwaka 1987 IBM ikajaribu kurudisha mali yake mkononi: ikatoa sloti mpya, MCA, ambayo mtengenezaji mwingine asingeweza kuitumia bila kulipia. Kadi za zamani hazikuingia. Mwaka uliofuata kampuni 9 zikiongozwa na Compaq zikakataa, zikatoa EISA, ambayo ilikubali kadi mpya na za zamani katika sloti moja. Sloti hizo mbili zote zilikufa baadaye, lakini ISA ya 1984 ikabaki hai, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia mteja atupe kadi zake.

Intel ikaleta PCI mwaka 1992, na AGP ya kadi za picha ikafuata 1997. Kwa miaka michache bodi moja ilikuwa na sloti za vizazi vitatu kwa pamoja, na ya bodi hizo iliyosifika kuliko zote ni ile iliyojengwa juu ya chipu za Intel 440BX, zilizotoka Aprili 1998. Mara tu baada ya hapo mlango ukaanza kufungwa. Mwongozo wa PC 99, uliotungwa na Intel na Microsoft, ulitaka ISA iondoke, na chipu za Intel 810 za mwaka 1999 zilikuja bila ISA yao wenyewe.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa bodi ya 486, kwani ndiyo rika la kanda zenyewe. Niliziangalia kadhaa nikaziacha. Nyingi zilikuwa na betri ya pipa ya nikeli-kadimiamu iliyolehemiwa juu ya bodi, na betri hiyo ikizeeka huvuja na kula njia za shaba hadi zikawa kijani kama sufuria iliyosahauliwa nje. Tena katikati ya miaka ya 1990 palikuwa na utapeli: baadhi ya bodi za 486 ziliuzwa na chipu za kache ambazo ndani hazina kitu, plastiki tupu na miguu, na programu ya kuwashia ikarekebishwa ili itangaze kwamba kache ipo. Mtu akaishi na kompyuta yake miaka bila kujua. Na plagi za umeme za bodi hizo ni mbili, zinazoingia hata zikigeuzwa. Kanuni ya mafundi ilikuwa waya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, bodi imekwenda.

Upande wa pili, bodi za 2001 na kuendelea zina balaa lao. Kuanzia karibu 1999 hadi 2007 soko lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu. Gesi ilizaliwa ndani, vichwa vikavimba, vikapasuka, na mashine za makampuni makubwa zikafa ofisini moja baada ya nyingine. Bodi nyingi za BX zilitangulia balaa hilo, ingawa hata hizo nazikagua kapasita moja moja kabla ya kuzitia umeme.

Basi nikachagua BX. Ina kidhibiti cha disketi, ina sloti za ISA, betri yake ni ile ya sarafu inayotoka kwa ukucha, na plagi yake ya ATX haiingii kinyume. Kasoro yake ni kwamba ni ya haraka mno kwa programu za rika la kanda. Programu nyingi za DOS hupima muda kwa kuhesabu mizunguko ya prosesa, na baadhi ya zile zilizoandikwa kwa Turbo Pascal huanguka kwa kosa namba 200 zikikuta Pentium II. Dawa ni kuzima kache kwenye mpangilio wa kuwashia. Mashine inarudi kuwa mzee wa 386, na kazi inaendelea. Kwa diski nilitumia kadi ya kumbukumbu ya kamera aina ya CompactFlash, ambayo inaelewa lugha ileile ya diski za IDE. Nilichukua ndogo, kwani bodi nyingi za mwaka ule hukwama zikikuta diski inayozidi GB 32.

Jambo moja la kuchekesha: 440BX haijafa. Mashine za kufikirika za VMware, ambazo makampuni mengi huendeshea kazi zao, huiambia programu iliyo ndani kwamba imekaa juu ya bodi ya 440BX. Huenda hata mshahara wako ulikokotolewa na kompyuta inayodhani tuko 1998.

Kanda zetu je? Roli ya mpira ya kile chombo ilikuwa imegeuka ulimbo, nikaikwangua na kuivika kipande cha bomba la mpira. Kanda ya kwanza ilisomeka yote. Ya pili ina mapengo, na wajukuu wa mzee wanayajaza kwa kuwauliza wazee waliobaki Wete na Chake Chake. Ya tatu mkanda wake wa kuvutia umekatika ndani, nasi hatutaizungusha mpaka nipate mwingine wa kuubadilisha.

Mwenye kompyuta ya miaka hiyo darini, hapa au nyumbani, asiiwashe kwanza. Afungue sanduku, atafute betri, na kama ni ya pipa aikate leo hii, kisha asafishe pale ilipokaa kwa siki kidogo na maji safi, aache pakauke siku mbili.