Injini ya D4 na Hofu Yenye Sababu

Enzi za Peugeot 504, dereva na fundi wa Dar es Salaam walikuwa na elimu moja. Injini ikiwa baridi unavuta choki. Isipotulia gari likiwa limesimama, unachukua bisibisi na kugeuza skrubu ya kabureta huku ukisikiliza. Hata pipa la mafuta lilipopanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12 baada ya vita vya Oktoba 1973, watu walibana matumizi kwa mikono yao wenyewe: plagi safi, kabureta iliyopimwa, mguu mwepesi.

Mwaka 1996 Japani ilileta njia nyingine. Mitsubishi ilianza kuuza Galant yenye injini ya GDI, na mwaka huohuo Toyota ikafuata na D-4 kwenye Corona Premio. Injini tulizozizoea hunyunyizia petroli nje ya valvu, kwenye njia ya hewa. Hizi mpya huipuliza ndani ya silinda yenyewe, kwa presha kubwa. Injini ya kawaida huhitaji kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. GDI, injini ikiwa na mzigo mdogo, iliweza kufikia kilo 40. Akiba ilitoka hapo.

Lakini valvu hazikuoshwa tena na petroli, hivyo masizi yakagandamana. Pampu ya presha haikuvumilia maji wala uchafu wa visima vya vituo vya mafuta. Na kitabu cha maelekezo kiliandikwa Kijapani, kwa kuwa magari yale yalikusudiwa barabara na petroli ya kwao. Nadia, Opa na RAV4 za Toyota zenye injini hiyo zilipofika kwetu na kuanza kumisi na kuzima kwenye foleni, neno likaenea Ilala nzima: usinunue D4. Wengi waling'oa injini wakafunga ya kawaida.

Hofu ile naitetea. Wanaoiita ushamba hawakuwahi kulipia pampu mpya. Dereva aliuziwa akiba bila kuelezwa masharti yake.

Mwalimu mmoja alileta Nadia gerejini kwangu akitaka niitoe injini yote. Nilifungua njia ya hewa nikamwonyesha valvu zilizovaa masizi meusi. Akazigusa, kisha akauliza, "Fundi, kumbe injini yenyewe ni nzima?" Tulisafisha valvu, tukabadili filta ya petroli. Tangu hapo hakuacha kufuata ratiba ya sevisi, wala hakujaza mafuta kituo asichokiamini.

Mazingira nayo yalibadilika. Petroli yenye risasi, adui wa katalisti na kipima oksijeni, iliondoka kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Mashine za kusoma makosa ya kompyuta zikaingia gereji ndogo. Mafundi vijana wakajifunza kupima presha kabla ya kulaani injini.

Sasa zamu ni ya haibridi, gari la petroli na umeme. Prius ya Toyota iliingia sokoni Japani mwaka 1997, na maneno ninayoyasikia leo kuhusu betri yake ni yaleyale ya D4. Tusirudie njia ile. Anayeuza gari aeleze kwa Kiswahili linataka mafuta gani, oili gani, na sevisi lini. Fundi afungue, aonyeshe, ataje bei ya kipuri kabla hakijaharibika. Teknolojia ya kubana mafuta humfaidi dereva siku anapojua inavyofanya kazi. Kabla ya hapo, faida ni ya aliyeiuza.