Munganga wa Mbali na Watu Wasiolala



Wengi wetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Baraka tangu mwaka 2005, na mpaka leo kati yetu kuna watu hawalali. Mtu anaenda kituo cha afya, infirmiye anamupa diazepamu, analala siku tatu, kisha inaanza tena, na kidonge amekizoea. Infirmiye hana kosa. Alifundishwa malaria, kuzalisha, kuhara, chanjo. Usingizi haukuwamo.

Kwanza tuelewane. Huku kwetu ukisema ugonjwa wa usingizi, watu wanasikia malale, ile ya mbung'o. Hiyo ni habari ingine. Hapa ni kukosa usingizi, ndoto za vita, na yule anayekoroma sana, pumzi inakatika, anashtuka, na asubuhi anaamka amechoka kama vile hakulala.

Hata Wazungu walichelewa. Kule kukatika pumzi usingizini kuliandikwa vizuri mwaka 1965 tu, na Henri Gastaut na wenzake kule Marseille, na wengine Ujerumani. Mwaka 1981 Colin Sullivan, Australia, akaonyesha mashini ya kusukuma hewa puani usiku. Halafu 1993, uchunguzi wa Wisconsin, Marekani, kwa watu wa miaka 30 mpaka 60, ulipata ugonjwa huo kwa wanaume 4 katika kila 100 na wanawake 2 katika kila 100. Wagonjwa wengi namna hiyo, na wanganga wa usingizi wachache, tena wako mijini.

Jibu halikutoka kwa watu wa usingizi. Lilitoka kwa munganga wa maini, Sanjeev Arora, wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Wagonjwa wa hepatiti C walikuwa wanasafiri mbali sana na kungoja miezi. Mwaka 2003 akaanza kukutana kila juma kwa video na wale wanaotunza wagonjwa vijijini, na katika magereza pia. Mgonjwa alibaki kwao. Anayemtunza ndiye alieleza kesi, bila kutaja jina, wote wakasikiliza, bingwa akashauri. Kisha anarudi siku ingine kusema imekuwaje. Matokeo yalitolewa mwaka 2011, wagonjwa 407: hospitali ya chuo ilifaulu kwa 57,5 katika mia, vituo 21 vya nje kwa 58,2. Mimi tarakimu hizo mbili zinanifurahisha kuliko hotuba yoyote.

Mwaka huohuo, idara ya Marekani inayotunza wanajeshi wa zamani ikachukua njia hiyo, na baadaye usingizi ukaingia kati ya masomo. Haishangazi, juu watu waliotoka vitani tunajua namna wanalala. Katika masomo kama hayo, munganga wa kawaida anajifunza kuuliza: unapanda kitanda saa ngapi, unaamka saa ngapi, unakoroma, unaota nini? Anajifunza pia matibabu bila kidonge: kulala ukiwa na usingizi kweli, kuamka saa ileile kila siku, kutoka kitandani usingizi ukikataa. Mwaka 2016 chama cha wanganga wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kuanza na njia hii kabla ya dawa, kwa watu wazima ambao kukosa usingizi kumedumu.

Na kwetu? Msimamizi wa zoni ya afya anafika na moto, anaangalia marejista, anaenda. Hiyo si kukaa juu ya kesi moja. Mashini ya hewa inataka umeme usiku kucha, basi hiyo tuiache kwanza. Kukosa usingizi hakutaki mashini. Kunataka infirmiye mwenye simu, mega za kutosha, saa moja kwa juma, na munganga wa akili mjini, anayesikia Kiswahili, atakayekubali kuwa upande wa pili.

Swali la kwanza tungemupelekea liko tayari: mtu anayeogopa risasi, unamwambiaje atoke kitandani saa nane usiku, katika giza, akae peke yake?