Tarakilishi na Maneno Marefu ya Kiholanzi

Leo tuweke kodi kando, tuongee historia kidogo.

Sisi wa Kiswahili tumebahatika. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Programu ya kukata neno mwishoni mwa mstari si kazi kubwa.

Kiholanzi ni kisa kingine, kwani Waholanzi huunganisha maneno bila kuacha nafasi. Chukua "avondeten", chakula cha jioni. Kwa kanuni ya sauti, konsonanti mbili kati ya irabu hugawanywa, kwa hivyo ungepata avon-deten. Lakini neno ambatani hukatwa kwenye kiungo chake: avond-eten. Sasa mashine itajuaje kiungo kiko wapi?

Mwaka wa 1983, Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikamilisha tasnifu kuhusu jambo hili, kwa ajili ya programu ya TeX. Badala ya kuandika kanuni za sarufi, aliipa tarakilishi kamusi iliyokwisha kukatwa, nayo ikachuja ruwaza za herufi zenye namba katikati. Namba witiri huruhusu kukata, namba shufwa hukataza, na kubwa hushinda ndogo. Kwa Kiingereza, ruwaza 4,447 zilipata 89% ya mahali pa kukata palipo kwenye kamusi hiyo. Baadaye njia hiyo hiyo ilitumika kwa Kiholanzi.

Hata hivyo, kuna maneno yanayoshinda ruwaza yoyote. "Valkuil" ni val-kuil, shimo la mtego. Ukikata valk-uil umepata kozi na bundi! Kwenye maandishi herufi ni zile zile.

Ndiyo maana TeX humwachia mwandishi alama ya kuonyesha mwenyewe mahali pa kukata. Kwangu mimi, hilo ndilo funzo kwetu waandishi wa programu: pale data isipobeba maana, mwache binadamu aseme.