Mkasi, Gundi na Pakiti ya Unga: Rosemary Karuga na Chimbuko la Kolaji Kenya

Nyumbani kwetu pakiti ya unga ikiisha ilikuwa na mambo mawili: kuwashia jiko la makaa au kujalidia daftari la shule. Rosemary Karuga aliitafutia la tatu. Aliikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi ya bei rahisi, na humo wakatokea kuku, ng'ombe, twiga, ndege na wanawake wa kijijini. Rangi hakuzipaka kwa brashi. Alizikuta zimekwisha kuchapwa kiwandani, kwenye mifuko ya unga na karatasi za sabuni ya Rexona. Kazi yake ilikuwa kuziona.

Alizaliwa Meru mwaka 1928, baba kutoka Uganda na mama Mkenya. Mwaka 1950 alijiunga na Chuo cha Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Akasomea ubunifu, uchoraji na uchongaji, akamaliza mwaka 1952, mwanamke wa kwanza kuhitimu hapo. Mwaka uliofuata akaolewa. Wakaja watoto watatu, ikaja chaki na ubao, na zaidi ya miaka 30 ikapita akiwa mwalimu.

Ni rahisi kuiruka miaka hiyo, nami sitaki kuiruka. Rangi za mafuta na turubai vilikuwa vitu vya kuagizwa ng'ambo, na mshahara wa mwalimu una wenyewe: karo, chakula, nauli. Aliporudi kwenye sanaa akikaribia miaka 60, hakuwa na uwezo wa kununua vifaa alivyofundishwa kuvitumia Makerere. Alikuwa na mkasi, gundi, na kile kilichobaki jikoni. Umaskini wa vifaa ulimfikisha kwenye kolaji, sanaa hii ya kukata na kubandika, lakini mimi sikubali kwamba umaskini ndio uliozifanya kazi zile kuwa nzuri. Wengi walikuwa na pakiti hizo hizo.

Mwaka 1987 alikaribishwa kufanyia kazi Paa ya Paa, Nairobi, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1965 na kuongozwa na Elimo Njau, Mchaga wa Kilimanjaro aliyepitia Makerere vilevile. Jina la kituo ni mchezo wa Kiswahili chenyewe: paa mnyama, na paa kupaa juu. Hapo mama huyu aliyekwisha kulea na kufundisha alipata meza, nafasi na watu wa kumtazama.

Ukizisogelea kolaji zake, unaona mpangilio unaokumbusha vigae vya sakafu za kale: kipande kando ya kipande, kila kimoja kikiwa na ukingo wake. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mchoraji wa rangi akitaka kivuli chini ya tumbo la ng'ombe, huchanganya. Mwenye pakiti hana cha kuchanganya. Kiwanda cha unga huchapa rangi chache, tena kwa ajili ya kuuza unga. Kahawia ya ngozi, weusi wa kwato na mng'aro wa unyoya lazima vitafutwe humo humo, kipande cha ukubwa wa ukucha, na kikikosekana husubiriwa pakiti nyingine.

Mwaka 1990 Studio Museum ya Harlem, New York, iliandaa maonyesho ya wasanii wa kisasa wa Afrika. El Anatsui wa Ghana alikuwemo, na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Karuga alikuwa mwanamke pekee. Baadaye alitengeneza picha za kitabu cha Amos Tutuola kuhusu mlevi wa mvinyo wa mchikichi, hadithi iliyojaa mizimu na msitu.

Waliokuja baadaye wanajulikana zaidi. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, kati ya 2004 na 2006 alichukua michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari na kubandika juu yake nyuso za wanawake zilizounganishwa kwa vipande vya magazeti. Maonyesho yake ya London mwaka 2014 aliyaita kwa Kiswahili, *Nguva na Nyoka*, na sanamu zake za karibuni amezifinyanga kwa udongo mwekundu, rojo ya karatasi, matawi na vibuyu. Cyrus Kabiru naye huokota nyaya na vyuma vya kutupwa Nairobi na kuvigeuza miwani. Sidai kwamba yeyote kati yao alimwiga Karuga. Ninachosema ni kwamba anayeandika historia ya kuokota na kubandika nchini Kenya akaanza na hao, ameanzia katikati.

Mwaka 1997 moto uliiteketeza Paa ya Paa pamoja na kazi nyingi za sanaa. Karuga alihamia Ireland mwaka 2006, akafariki huko Februari 2021 akiwa na miaka 92. Alichotuachia ni karatasi tu, nazo huharibika. Wino wa pakiti ya sabuni ulikusudiwa kudumu hadi sabuni iishe, si miaka 30, na gundi ya bei rahisi hugeuka manjano na kuachia. Aliye na kolaji ya Karuga ukutani aiondoe mbele ya dirisha leo, aitie kwenye fremu yenye kioo, na nyuma yake aandike mwaka alioipata na aliyempa.